Kipi Kifuatwe? Vitenzi vya Kiingereza vya Kuzidiana na Historia Yake katika Bonde la Ufa

Utangulizi

Lugha ya Kiingereza, hasa ile ya sheria na ya utawala, ina kundi la vitenzi ambavyo kazi yake ni kueleza kwamba jambo moja limezidi jingine kwa uzito, kwa cheo au kwa nguvu. Vilivyo mashuhuri ni "prevail", "override", "supersede", "outweigh" na kirai "take precedence". Katika makala haya tutaviita vitenzi vya kuzidiana. Mfasiri mwenye haraka huviona vyote kuwa ni kitu kimoja. Ama huvitia katika kitenzi -shinda, ama huvikwepa kwa kusema kwamba jambo fulani ni muhimu zaidi kuliko jingine, na msomaji hupita bila ya kuona kasoro.

Tunakusudia kuonyesha kwamba kasoro ipo, na kwamba si ndogo. Hoja yetu ni kuwa maana ya kitenzi cha kuzidiana imo katika hali ya kile kilichozidiwa. Kujua nani ameshinda hakutoshi. Hatuna budi kujua aliyeshindwa amepatwa na nini: ameuawa, ameondolewa kitini, amengojeshwa, au amepimwa tu akaonekana mwepesi. Ushahidi wetu tutauchota katika historia ya sheria za Kenya, na zaidi katika Bonde la Ufa la kati, baina ya Naivasha na Nakuru, kwa sababu huko maneno ya namna hii ndiyo yaliyoamua nani akae na nani ahame.

Vitenzi vyenyewe na mizizi yake

Kitenzi "prevail" kimetokana na Kilatini, na mzizi wake una maana ya kuwa na nguvu kupita mwingine. Katika sheria hutumiwa pale ambapo masharti mawili yanagongana. Sharti moja hufuatwa, na lile jingine hunyamaza, lakini hunyamaza mahali pa mgongano tu. Kwingineko huendelea kuwa hai. "Override" ni neno la mpanda farasi: mtu amepita juu ya kitu akakikanyaga. Katika matumizi ya serikali humaanisha uamuzi uliowekwa kando na mwenye mamlaka, wala si lazima uamuzi huo uwe na kosa. "Supersede" nalo lina asili ya kukaa juu. Warumi walilitumia kwa maana ya kujizuia na kuacha jambo. Katika Kiingereza limekuja kumaanisha kukalia kiti cha mwingine, hata yule wa kwanza akawa hana tena pa kukaa.

"Outweigh" ni neno la mizani. Vitu vyote viwili vingali juu ya mizani, hakuna kilichotupwa, na papo hapo inafahamika kwamba yuko mtu aliyeishika mizani hiyo. "Take precedence" ni lugha ya maandamano na ya itifaki: mmoja anatangulia, na wa pili atapata zamu yake. Hatimaye kuna "trump", neno la wacheza karata, ambapo karata ndogo ya turufu hula karata kubwa ya aina nyingine kwa sababu tu wachezaji wamekubaliana hivyo kabla ya mchezo.

Kwa hiyo tunazo hali sita za aliyeshindwa, nazo ni kunyamazishwa mahali pamoja, kukanyagwa, kunyang'anywa kiti, kuzidiwa uzito, kungojeshwa, na kuliwa kwa mujibu wa kanuni ya mchezo. Mtu akizifasiri zote kwa -shinda, hali sita zimekuwa moja.

Hazina ya Kiswahili

Tangu Edward Steere alipotoa kitabu chake cha sarufi mwaka 1870 hadi E. O. Ashton alipotoa chake mwaka 1944, wanasarufi wameeleza kwamba kivumishi cha Kiswahili hakinyambuliwi ili kuonyesha kuzidiana. Kazi hiyo hufanywa na kuliko, au na vitenzi katika umbo la kitenzi-jina: kupita, kuzidi, kushinda. Husemwa kwamba mlima huu ni mrefu kushinda ule. Katika sentensi hiyo ule mlima wa pili haukudhurika. Haukupungua hata shubiri. Lakini tukisema kwamba Juma alimshinda Ali mahakamani, Ali amerudi nyumbani mikono mitupu. Kitenzi ni kimoja, mizigo ni miwili: mzigo wa kulinganisha na mzigo wa kushindana. Hapo ndipo tatizo la mfasiri linapoanzia. Akiandika kwamba sheria hii inaishinda ile, msomaji ana haki ya kuuliza: je, inaishinda kama mlima unavyoushinda mlima, au kama mdai anavyomshinda mdaiwa?

Haifuatii kwamba Kiswahili ni maskini. Kwa maana ya kupewa zamu ya kwanza tuna -tangulia. Kwa maana ya kuondoa nguvu ya jambo lililokwisha kufungwa tuna -tangua, ambayo wengine huitamka -tengua, na ambayo kila mtu huijua katika habari za ndoa, za udhu na za nadhiri. Tuna -batilisha na -futa. Kwa maana ya kukalia kiti cha mwingine tuna -shika nafasi. Kwa mizani tuna -zidi uzito. Hata turufu tunayo kwa karne nyingi: neno hilo ni la Kireno, trunfo, nalo lilifika pwani pamoja na karata zenyewe na majina yake, kopa, shupaza, pau na uru. Leo limeingia katika siasa ya dunia, kwani kura ambayo taifa moja huitumia kuzuia azimio la mataifa mengine katika Baraza la Usalama twaiita kura ya turufu.

Aidha, wanazuoni wa pwani waliishi na tofauti hizi kabla ya kuja kwa mahakama za Kiingereza. Katika darasa za Lamu, Mombasa na Unguja, mwanafunzi wa fikihi na tafsiri alifundishwa elimu ya nasikhi na mansukhi, yaani hukumu iliyoondoa na hukumu iliyoondolewa. Alifundishwa pia tarjihi, ambayo ni kuipa rai moja uzito juu ya nyingine baada ya kuzipima dalili. Ni mambo mawili mbalimbali. Hukumu iliyoondolewa haifanyiwi kazi tena. Rai iliyozidiwa uzito yaendelea kusomwa, na mwanachuoni mwingine aweza kuirudia. Mwalimu aliyeyachanganya mawili hayo angeonekana hajui.

Mfano bora wa siku zetu ni Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, ambayo ilitungwa kwa Kiswahili. Ibara ya 64(5) inahusu sheria nyingine inapokwenda kinyume na Katiba. Pale ambapo Mwingereza angetumia "prevail", waandishi wa Katiba hawakutumia -shinda wala -zidi. Walisema kwamba Katiba ndiyo itakuwa na nguvu, kisha wakaeleza hali ya ile sheria nyingine: itakuwa batili kwa kiasi inachokiuka Katiba. Tuangalie mambo mawili hapa. Kwanza, kazi ya kuteua imefanywa na ndi-, ambayo huchagua kimoja na kukiacha kingine bila ya kulinganisha ukubwa wao. Pili, aliyeshindwa hakuachwa gizani. Tumeambiwa amepatwa na nini na kwa kiasi gani. Isitoshe, kuwa na nguvu ndiyo maana ya mzizi wa Kilatini wa kitenzi kile cha Kiingereza.

Mikataba miwili ya Wamaasai

Sasa twende Bonde la Ufa. Agosti 1904, miaka mitatu baada ya reli kufika Ziwa Viktoria, Kamishna Donald Stewart alifanya mkataba na viongozi wa Wamaasai, Olonana akiwa mkuu wao. Kwa mkataba huo Wamaasai walihama kutoka nchi ya Naivasha, Elmenteita na Nakuru, wakagawanywa katika sehemu mbili, moja kusini ya reli na nyingine Laikipia. Waliahidiwa kwamba masharti hayo yatadumu maadamu kabila la Wamaasai lingali lipo. Walibakishiwa pia maili tano za mraba katika miteremko ya Kinangop, juu ya Naivasha, kwa ajili ya sherehe za jando.

Tarehe 4 Aprili 1911 uliwekwa mkataba wa pili, na wale wa Laikipia wakatakiwa kuhamia kusini. Tukiulize Kiingereza mkataba wa pili uliufanya nini ule wa kwanza, jibu ni "supersede": uliketi mahali pake. Ahadi iliyopimwa kwa umri wa kabila zima ilidumu chini ya miaka saba, na kabila lingali lipo. Hata hivyo ile haki ya Kinangop ilitajwa kuwa haikuondolewa, jambo linaloonyesha kwamba waandishi walijua kutofautisha kinachonyang'anywa kiti na kinachobakizwa.

Baadhi ya Wamaasai, akiwamo Ole Njogo ambaye jina lake limebaki katika jina la kesi, waliushitaki mkataba wa pili mbele ya Mahakama Kuu. Hoja yao, kwa lugha yetu ya leo, ilikuwa kwamba mkataba wa kwanza haukupata kutanguliwa kwa njia ya haki. Mahakama haikuipima hoja hiyo. Ilisema kwamba mikataba hiyo ilikuwa ni mapatano baina ya dola na dola, nayo haiwezi kuhukumiwa na mahakama za nchi. Rufani nayo ikakataliwa mwaka 1913. Hivyo Wamaasai walihesabiwa kuwa dola kwa kiasi cha kuweza kutia sahihi, na hadhi hiyohiyo ndiyo iliyowafungia mlango wa mahakama. Mshika mizani alikuwapo, ila hakuziinua.

Neno lililoahidi mlima

Neno mashuhuri kuliko yote katika habari hizi si kitenzi bali ni kivumishi, nalo ni "paramount". Julai 1923 serikali ya Uingereza, Duke wa Devonshire akiwa Waziri wa Makoloni, ilitoa Waraka juu ya ugomvi wa walowezi wa Kizungu na Wahindi wa Kenya. Ilitamka kwamba Kenya ni nchi ya Kiafrika kwanza, kwamba maslahi ya Waafrika hayana budi kuwa "paramount", na kwamba yakigongana na maslahi ya wageni basi yale ya Waafrika yafuatwe. Hapo kitenzi kilichotumiwa ni "prevail".

Asili ya neno hilo inafaa kuangaliwa. Lilitokana na Kifaransa cha watawala wa Uingereza wa zamani, kwa maana ya kuwa juu, upande wa mlimani, na lilitumika hasa katika sheria ya ardhi. Bwana aliyeitwa kwa neno hilo alikuwa mwenye ardhi wa juu kabisa, na wote waliokaa chini yake walikuwa wapangaji tu, mmoja chini ya mwingine. Ni neno la kabaila juu ya mpangaji. Miaka miwili tu kabla ya Waraka huo, mwaka 1921, Jaji Mkuu Barth alikuwa ameamua kwamba Waafrika waliokaa katika ardhi ya Taji walikuwa wapangaji wa Taji, wanaoweza kuondolewa kwa hiari ya mwenye ardhi. Kwa hiyo yule ambaye maslahi yake yaliwekwa mlimani mwaka 1923 alikuwa mpangaji wa hiari tangu 1921. Na Waraka huohuo uliacha nyanda za juu, Naivasha na Nakuru zikiwamo, mikononi mwa Wazungu.

Neno lile lilipunguzwa kidogo kidogo. Mwaka 1930 Lord Passfield alilithibitisha. Mwaka 1931 kamati ya pamoja ya mabunge mawili ya Uingereza ikalifasiri upya: kwamba halimaanishi zaidi ya kuwa maslahi ya wenyeji walio wengi yasiwekwe chini ya maslahi ya kundi dogo la asili nyingine. Tuone tofauti. Kuwa juu ni jambo moja. Kutowekwa chini ni jambo jingine. Mwaka 1930 ilipitishwa pia sheria ya kuweka ardhi za akiba kwa ajili ya Waafrika daima, lakini ilipopatikana dhahabu Kakamega, sheria hiyo ilirekebishwa mwaka 1932 ili sehemu ya ardhi iweze kutolewa. Na Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Morris Carter ilipotoa ripoti yake mwaka 1934, ilipendekeza kwamba madai ya Waafrika kuhusu ardhi iliyo nje ya akiba yazimwe. Maslahi yaliyoahidiwa kufuatwa penye mgongano yalikutana na mgongano mara kwa mara, na mara kwa mara hayakufuatwa.

Mtu ataweza kusema kwamba hiyo ni historia ya hila wala si historia ya maneno. Sisi twaona kwamba hila ilipata nafasi kwa sababu neno lilimtaja mshindi peke yake. Waraka wa 1923 haukusema maslahi ya walowezi yatapatwa na nini yakishindwa, wala nani ataamua kwamba mgongano umetokea.

Kihoto: kushinda kwa hoja

Kando ya Ziwa Naivasha, chini ya Kinangop tuliyoitaja, pana mtaa unaoitwa Kihoto. Neno hilo ni la Kikikuyu, lugha iliyoenea sana katika Bonde la Ufa la kati kwa njia ya vibarua na maskwota wa mashamba ya walowezi, na baadaye ya wanunuzi wa ardhi baada ya Uhuru wa 1963. Kwa maandishi makini huandikwa kĩhooto, nalo limetokana na kitenzi kũhoota, yaani kushinda. Kisichanganywe na kũhota, kwa irabu fupi, ambacho ni kuweza. Lakini kĩhooto si ushindi wowote tu. Ni hoja isiyopingika, ni haki iliyothibitishwa kwa maneno mpaka mwenzako hana la kujibu.

Wakikuyu wana methali isemayo kwamba kĩhooto huvunja upinde uliokwisha kuvutwa. Sisi Waswahili tunayo yetu: mwenye nguvu mpishe. Methali hizi mbili zikiwekwa pamoja zatoa aina mbili za kuzidiana. Katika ya Kiswahili, aliyezidiwa anasogea kando, hakuulizwa wala hakushawishika. Katika ya Kikikuyu, aliyezidiwa alikuwa na silaha mkononi, na kilichomzidi ni hoja ambayo yeye mwenyewe ameisikia. Kiingereza cha sheria hudai kwamba "prevail" ni ya aina ya pili. Historia tuliyoieleza yaonyesha kwamba mara nyingi ilikuwa ya kwanza.

Jambo hili si la kale tu. Mwaka 2020, na tena 2025, maji ya Ziwa Naivasha yalipanda yakaingia Kihoto, na watu wakahama nyumba zao. Pamoja na maji liliinuka swali la kale kwa sura mpya. Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda mali ya mtu katika kifungu cha 40, inampa kila mtu haki ya mazingira safi katika kifungu cha 42, na katika kifungu cha 62 inahesabu maziwa kuwa ardhi ya umma. Ziwa linapovuka ukingo wake wa jana, kipi kifuatwe? Afisa atakayemjibu mkazi wa Kihoto kwamba maslahi ya umma "ni muhimu zaidi" atakuwa hajamwambia kitu. Mkazi anataka kujua kama haki yake imetanguliwa na ya umma kwa muda, yaani maji yakishuka atarudi. Au imezidiwa uzito, yaani atalipwa. Au imetanguka kabisa. Majibu hayo ni matatu, na kila moja lina kitenzi chake katika Kiswahili.

Lugha ipi ifuatwe?

Limebaki swali linalotugusa sisi walimu wa lugha. Mwaka 1974 Rais Jomo Kenyatta alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya Bunge la Kenya. Miswada iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza, na wabunge wakajikuta wakijadili kwa lugha moja maneno yaliyoandikwa kwa lugha nyingine. Mwaka 1979 Kiingereza kilirudishwa kando ya Kiswahili. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini kifungu cha 259(2) kinasema kwamba matoleo ya Katiba katika lugha mbalimbali yakihitilafiana, lile la Kiingereza ndilo lifuatwe. Kitenzi ni kilekile cha 1923: "prevail".

Wengi husoma kifungu hicho kwa uchungu, kana kwamba Kiswahili kimefutwa. Tukikisoma kwa kanuni tuliyoieleza, sivyo. Kilichozidiwa kwa "prevail" kimenyamazishwa mahali pa mgongano tu. Pasipo na mgongano, toleo la Kiswahili ni hai. Maana yake ni kwamba kila mara mfasiri anapokosea, anakinyamazisha Kiswahili kwa mkono wake. Na kila anapofasiri sawasawa, kifungu hicho hakina cha kufanya.

Tena kuna kifungu cha 120(2), ambacho hakitajwi sana. Kinahusu sheria zinazotungwa na Bunge, na hapo lugha haikutajwa kwa jina. Matoleo yakihitilafiana, lifuatwalo ni lile lililotiwa sahihi na Rais. Turufu hapa ni sahihi. Kifungu hicho hakizuii toleo la Kiswahili kuwekwa mezani kwa Rais ili litiwe sahihi hiyo. Tanzania, kwa marekebisho ya mwaka 2021, imefanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kenya haikuhitaji kubadili Katiba ili ianze, japo kwa sheria moja.

Hitimisho

Tumeona kwamba vitenzi vya kuzidiana hutofautiana kwa hali ya aliyezidiwa, na kwamba katika Bonde la Ufa tofauti hizo zilipimwa kwa ekari na kwa mifugo. Twapendekeza kwa hiyo kwamba mfasiri akutanapo na kitenzi cha namna hiyo ajiulize maswali matatu. Je, kilichozidiwa kingali hai? Je, ni nani anayeamua kwamba kimezidiwa? Je, ni kwa muda gani na kwa kiasi gani? Kilicho hai kikasubiri, kimetanguliwa. Kilicho hai lakini chepesi, kimezidiwa uzito. Kilichoondolewa, kimetanguka au nafasi yake imeshikwa. Na pale ambapo masharti mawili yamegongana na moja tu halina budi kufuatwa, tuige Katiba ya 1977: tuseme ndilo litakalofuatwa, kisha tuseme bila ya kuficha lile jingine litakuwaje.

Kuhusu -shinda, haifai kutupwa. Yafaa iwekwe mahali pake, penye hoja na majibu, kama Wakikuyu walivyoiweka katika jina la Kihoto.